Wasia kwa Mwenye Kuacha Ulevi, na Mfano wa Wavuvi wa Mwanza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa njema zote zamstahiki Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baada ya hayo: uharamu wa khamri haufichikani kwa Mwislamu yeyote, awe mwanachuoni au mchukuzi. Hata yule ainywaye ajua kuwa ni haramu, na aghalabu huinywa huku akiilaumu nafsi yake. Kwa hivyo waraka huu haukuandikwa kumwambia mlevi jambo alijualo. Umeandikwa kwa ajili ya yule aliyekwisha kutubu, akamwaga kilichokuwamo kikombeni, kisha jua la alasiri likamkuta amekaa hana la kufanya. Saa ile ndiyo yenye hatari. Maana ulevi si kinywaji peke yake. Ulevi una saa yake, na njia yake, na rafiki zake, na fedha zake. Mwenye kuacha kinywaji na asiyaache hayo mengine, ni kama aliyeziba tundu moja la ngalawa na manne yaliyobaki yaingiza maji.

Mfano ulio wazi wa jambo hili huonekana Mwanza, katika pwani ya kusini ya Ziwa Victoria. Watu wa pwani waijua nchi hiyo tangu karne ya 19, misafara ya biashara ilipowafikisha mababu hata ukingo wa ziwa, na dini ikaenda pamoja nao. Na tangu mwaka 1928, reli ilipofika huko kutoka Tabora, safari ikawa nyepesi zaidi. Hata leo wapo wana wa pwani wanunuao dagaa katika mwalo wa Kirumba, na mwalo kwa watu wa ziwa ni kama diko kwa watu wa bahari. Hao ndio washuhudia wa haya yatakayosimuliwa.

Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huziwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi aghalabu taa za umeme wa betri, na samaki huufuata mwanga mpaka nyavu ziwazunguke. Walakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea ziwa zima, taa ya mvuvi ikawa haina maana, wala dagaa hawakusanyiki. Basi katika siku kadha wa kadha kabla ya mwezi mpevu na baada yake, mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hukaa bure, Mwanza mjini na katika visiwa, kama Ukerewe na Kome. Wavuvi wa dagaa wa baharini nao waijua desturi hii, kwani giza na mbalamwezi huwatawala wao vile vile.

Katika siku hizo hukutana mambo matatu kwa mtu mmoja: ana fungu lake la fedha mkononi, hana kazi, na mwili wake uliozoea kukesha haupati usingizi. Wauzaji wa gongo na wenye vilabu wajua haya kuliko mtu yeyote, na hawakosi kujitengeneza. Fedha ya mwezi mzima huisha kwa siku chache. Giza lirudipo, mtu huingia mtumbwini hana kitu, na mkewe amebaki na deni la unga dukani. Na mwenye kupanda mtumbwi hali amelewa, ameitia nafsi yake na roho za wenzake katika hatari ya kughariki.

Mwezi wa Machi mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani vile vifuko vidogo vya ulevi mkali vilivyokuwa vikiuzwa kila pembe kwa bei ndogo. Amri ile ilikuwa na maslaha makubwa. Lakini amri ya Serikali huweza kuondoa kifuko mkononi mwa mtu. Haiwezi kuijaza saa yake iliyobaki tupu. Kazi hiyo ni ya mtu mwenyewe na jamaa zake.

Na atazame mwenye akili jinsi Mola Mtukufu alivyowaondolea Waarabu ulevi, nao walikuwa watu waliouzoea tangu utoto. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba mwanzo ziliteremka sura zitajazo Pepo na Moto, hata nyoyo zilipotua katika Uislamu ndipo halali na haramu zikashuka, na lau katazo la ulevi lingetangulia, watu wangekataa. Kwanza katika Suratul Baqara walijulishwa kwamba madhara yake yanazidi manufaa yake. Kisha katika Suratun Nisaa walikatazwa kuikaribia swala hali wamelewa. Hapa pana hekima kubwa. Swala tano zimeenea mchana na usiku, na baina ya adhuhuri na isha hapana nafasi ya mtu kulewa na kulevuka. Hivyo siku ya mlevi ilikatwa vipande vipande, na katika kila kipande ikaingizwa ibada, hata ulevi ukabakiwa na saa chache mno. Hata iliposhuka aya ya Suratul Maida iliyoukata kabisa, watu walikuwa tayari. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha, mpigambiu akapita akinadi, na Abu Talha akamwamuru aimwage palepale, ikapita ikitiririka katika vichochoro vya Madina. Basi ibada iliingia kwanza, na ulevi ukatoka kwa kukosa pa kukaa.

Mwenye kutubu naye na aifuate njia hiyo. Jambo la kwanza ni kuzijua siku zake za hatari. Mvuvi wa Mwanza hahitaji mtu wa kumwambia. Akitazama juu huziona. Na ajabu ya rehema ya Mungu ni kwamba siku hizohizo, tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu, ndizo ziitwazo Ayyamul Bidh, siku nyeupe, kwa sababu usiku wake hung'aa kwa mwezi, na Mtume (S.A.W.) amewahimiza watu kuzifunga. Funga hiyo ni sunna, si faradhi. Lakini mvuvi aliyekuwa akizingoja siku zile kwa ajili ya kilabu, akizingoja sasa kwa ajili ya funga, amekiweka kitu mahali pa kitu. Alasiri iliyokuwa ya kikombe imekuwa ya kutazamia futari.

Jambo la pili ni usiku. Usingizi wa aliyeacha ulevi hukatika katika majuma ya mwanzo, na wa mvuvi hukatika zaidi kwa mazoea ya kukesha. Asigaegae kitandani akizungumza na hamu yake. Na aondoke atawadhe, aswali rakaa mbili, au asome alichohifadhi, hata kama ni sura fupi. Amali impendezayo Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa chache. Na hamu ya ulevi ni kama wimbi: huja kwa kishindo, huinuka, kisha hupasuka na kurudi. Mwenye kushughulika mpaka lipite, wimbi la kesho humkuta ana nguvu zaidi.

Jambo la tatu ni njia na rafiki. Mtume (S.A.W.) alisimulia habari za mtu wa kale aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100. Mwanachuoni mmoja akamjuza kwamba mlango wa tauba haukufungwa, lakini autoke mji wake mbaya aende penye watu wamwabuduo Mungu. Akafa njiani, akasamehewa, kwa kuwa alionekana karibu zaidi na mji wa kheri kwa kadiri ya shibiri. Mvuvi hawezi kulihama ziwa, maana ndimo imo riziki yake. Lakini aweza kupita njia isiyopita kilabuni, na kukaa mchana akishona nyavu pamoja na mwenziwe asiyekunywa, na kuihudhuria darsa baina ya magharibi na isha.

Jambo la nne ni fedha. Fungu lake likiisha kutolewa, na alitie mikononi mwa mkewe au mtu mwaminifu kabla jua halijatua, ilipwe unga, na deni, na mahitaji ya watoto wa shule. Fedha isiyokuwamo mfukoni haimwiti mtu.

Hata hivyo, wako watu ambao haiwafai kuacha pasipo tabibu. Aliyekuwa akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafula, huenda katika siku chache za mwanzo akatetemeka mikono, akatoka jasho, akaweweseka, hata akashikwa na kifafa. Na hali hiyo huweza kuua. Wajinga husema ni pepo, au humrudishia kikombe. La wajibu ni kumpeleka hospitali upesi, na Mwanza zipo Bugando na Sekou-Toure. Mtu huyo asifunge mpaka mwili utulie na tabibu amruhusu. Ikiwa mgonjwa ameruhusiwa kula katika Ramadhani yenyewe, itakuwaje katika sunna?

Kisha iko haki ya jamaa juu yake. Katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwako mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, hata mmoja katika waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Akakataza pia watu wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Basi ni ajabu ya mtu aonaye mvuvi ameingia msikitini baada ya miaka mingi, akamnong'oneza jirani yake na kucheka. Huyo amemrudisha mwenziwe kilabuni kwa mkono wake. Na aliyetubu akianguka mara moja, asijihesabu amekwisha. Na aondoke palepale, aoge, atubu tena, na atazame ni tundu gani hakuliziba.

Wala mtu wa pwani asidhani kwamba habari hizi ni za bara. Tembo la mnazi lagemwa nyuma ya nyumba yake, na chupa zauzwa mjini kwake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hapana kiasi cha ulevi kisicho na hatari kwa afya. Na Waislamu walikwisha kuambiwa zamani kwamba madhara yake yanazidi. Lakini pwani ina kitu ambacho aliyetubu akihitaji mno: baraza. Birika la kahawa, tende chache, mkeka, na maneno mazuri mpaka adhana. Mwana wa pwani aliyeko Kirumba kwa biashara, akitandika mkeka wake jioni ya mbalamwezi na kumwita jirani aliyeacha ulevi aje akae, huenda amefanya jambo ambalo hotuba nyingi hazikulifanya.

Mwezi mpevu utatoka mwezi huu, na mwezi ujao, na mitumbwi itapandishwa mchangani. Kila mtu atakuwa na mahali pa kukaa usiku ule. Mwenyezi Mungu awape wenye kutubu thabati, na awape jirani zao nyoyo za kuwapisha nafasi mkekani. Amin.