Kusoma Moyo wa Mkosaji

Baba mmoja wa Kamalondo alinijia baada ya Misa akishika kitabu kilichofungwa katika gazeti, kama mtu afichaye nyama ya magendo. Alimkuta binti yake akikisoma usiku. "Mwalimu," akasema, "humu padri anaacha parokia, anakwenda porini kwa waasi, kisha anaoa mke. Hii si sumu?"

Kitabu chenyewe ni Entre les eaux cha V. Y. Mudimbe, kilichotoka mwaka 1973. Mudimbe si mgeni kwetu. Alizaliwa Likasi mwaka 1941. Ujanani aliingia utawa wa Mtakatifu Benedikto, akauacha. Akafundisha katika Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani, na huko akafariki Aprili 2025.

Vijana hupenda riwaya za kutisha, zile za maiti na wapelelezi: nani ameua? Mudimbe hatupi fumbo hilo. Padri Pierre Landu twamjua, na tendo lake twalijua. Kinachotia hofu ni kumsikia akisema na nafsi yake. Ana sababu, na sababu zake ni nzuri! Maskini wanaonewa, Kanisa laonekana kukaa upande wa wenye mali, Kristo angefanya nini? Unaitikia kwa kichwa, unafunua ukurasa, unaitikia tena. Halafu unashtuka: mtu huyu amenifikisha wapi? Kule porini waasi hawamwamini. Anaoa, hapati raha. Mwishoni anaingia monasteri, na hata humo ni yeye yule, akijitazama.

Basi, sumu i wapi? Wengine husema kwamba kuuona ubaya kwa karibu huuzoeza moyo. Sikatai. Kuna vitabu viuzavyo damu kama pombe, na kijana akilewa hasikii tena kilio cha aliyeuawa. Lakini hofu yangu ni nyingine. Sisi tuliona mwaka 1992 na 1993, ndugu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Kule Likasi watu walilala stesheni na vyombo vyao, wakingoja treni. Je, waliowafukuza walikuwa majitu ya hadithi? Walikuwa majirani, wengine tulipiga nao magoti kwenye benchi moja. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: kazi ni zetu, wao walitudharau, kila mtu anafanya hivyo. Aliyechukua nyumba alisema anailinda. Hakuna aliyejiita mwizi.

Sauti hiyo ya ndani ndiyo aliyoiandika Mudimbe. Sisi twaisikia kwa shida. Kwenye maungamo twataja dhambi upesi, kama mtu ahesabuye mbuzi wa mwenziwe. (Padri wetu anisamehe.) Nabii Natani alimjua Daudi vema: alimsimulia kwanza habari ya mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akawaka hasira juu ya tajiri yule, asijue anajihukumu. Na mwaka 1975 kitabu hiki kilipewa Tuzo Kuu ya Kikatoliki ya Fasihi. Waamuzi hawakumwogopa padri aliyepotea njia.

Nilimwambia yule baba: usimkataze binti, wala usimwache peke yake. Someni pamoja, na pale anapoitikia, mwulize kwa nini. Alikunja uso, akakifunga tena kitabu katika gazeti. Yeye mwenyewe alikaa Likasi miaka ile. Hakuniambia alikuwa upande gani, wala sikumwuliza. Majuma matatu yamepita, na binti analalamika kwamba baba bado hajamrudishia kitabu chake.