Wanaoitana Ndugu Wanadaiana Nini?

Soma kwa ajili ya funzo hili: 1 Samweli 1:20–28, 2:12–26, 3:1–18, Marko 3:31–35, 7:9–13, Wagalatia 6:2, 5.

Kijana wa miaka 21 ametoka Upare kuja Dar es Salaam kutafuta maisha. Amejishikiza kwa mjomba wake Buguruni, katika chumba kimoja cha kupanga, na amepata kazi kwenye duka la vyombo Kariakoo. Mwezi wa kwanza alifanya kazi Sabato zote, na moyo ukamsuta. Mwezi wa pili akamwambia tajiri wake kwamba Jumamosi hataweza kuja. Tajiri si mtu mbaya. Alimweleza kwa utulivu kwamba Jumamosi ndiyo siku inayolipa kodi ya fremu, na asiyeweza kuja siku hiyo hawezi kuwa mfanyakazi wa duka lile. Sabato iliyofuata kijana alisimama kutoa ushuhuda. Kanisa zima likasema Amina. Ibada ikafungwa, watu wakapeana mikono mlangoni, naye akarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu hakuwa na nauli.

Hakuna haja ya kumtaja jina. Darasa lolote la Shule ya Sabato katika Buguruni, Ilala au Temeke laweza kumpa jina la mtu linayemfahamu. Swali ni hili: je, ile Amina ilikuwa na deni ndani yake?

Huko alikotoka swali hili halikuwa na uzito. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo cha kwanza cha Waadventista katika nchi hii huko Giti, Upare, mwaka 1903, na vizazi vilivyofuata vilirithi imani pamoja na mashamba. Pale ambapo shangazi, jirani na mwenye duka wote wanapumzika siku ile ile, kuitunza Sabato hakumnyimi mtu riziki. Ukoo unabeba gharama bila hata kujua kwamba unabeba. Mjini kijana anaibeba peke yake, tena nyumbani kwa mjomba asiyeshika Sabato, anayeuliza, na ana haki kuuliza, mchango wa chakula utatoka wapi.

Wapo washiriki wema wanaosema kwamba kanisa ni nyumba ya ibada, si ofisi ya ajira. Wanataja Wagalatia 6:5, kwamba kila mmoja ana furushi la kwake la kubeba. Hoja yao isidharauliwe. Shemasi yeyote wa mjini amewahi kukutana na mtu aliyejifunza kusema "Bwana asifiwe" kwa ajili ya nauli, na mfuko wa maskini hauna chemchemi. Lakini Paulo aliyeandika fungu la tano ndiye aliyeandika la pili, la kuchukuliana mizigo. Mzigo wa uvivu ni wa mtu mwenyewe. Mzigo ambao kanisa lenyewe limemfundisha kijana kuubeba, huo ni wa nani?

Soma Marko 3:31–35. Yesu aliwatazama walioketi kumzunguka, akawahesabu kuwa mama yake na ndugu zake. Fungu hili linapendwa sana mijini, kwa kuwa linawapa watu ndugu mahali wasipokuwa nao. Ila wengine wamelitumia vibaya. Yupo anayetoa zaka kwa uaminifu na kuchangia jengo la kanisa, huku mama yake kijijini hajapokea hata sabuni tangu mwaka jana, naye hujitetea kwamba ndugu zake wa kweli ni wa kiroho. Kwa huyo Marko 7:9–13 ni dawa chungu: Yesu aliwakemea waliotumia Korbani kujinasua na wajibu kwa baba na mama. Mafungu haya mawili yasomwe pamoja. Bwana aliongeza ndugu. Hakuwapunguza wale wa damu.

Jinsi ndugu hao wa kuongezwa wanavyopatikana inaonekana Shilo. Hana alimpeleka mwanawe, akiwa ameachishwa ziwa tu, kwa mzee ambaye hakuwa baba yake wala mjomba wake. Wala hakumtupa huko. Kila mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu alimletea kanzu ndogo aliyomshonea (2:19). Mama anayemshonea nguo mtoto asiyemwona hana budi kukisia amekua kiasi gani. Akina mama wengi wa Same na Musoma wenye watoto Dar es Salaam wanaijua kazi hiyo ya kukisia.

Eli, kwa upande wake, hakuwa mfano wa malezi. Hofni na Finehasi walinyang'anya watu nyama ya dhabihu na kuzini na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, na baba yao aliwaonya kwa maneno tu. Ingekuwa leo, baraza la kanisa lingeuliza kama mzee aliyeshindwa nyumbani kwake afaa kukabidhiwa mtoto wa mwenzake, na 1 Timotheo 3:5 ingesomwa kwa sauti. Hukumu juu ya nyumba ya Eli ilikuja kweli. Hata hivyo Mungu alimwacha mtoto pale, mikononi mwa mzee yule yule. Wazee wanaokaa viti vya nyuma kwa aibu ya watoto wao walioacha imani waisome tena sura hii polepole.

Usiku ule kila mmoja alikuwa na nusu ya kilichohitajika. Mtoto aliisikia sauti lakini hakujua ni ya nani. Mzee hakuisikia, lakini alipoelezwa mara ya tatu alitambua mwenyewe ni nani anayeita. Kama Samweli angelala mbali, au kama Eli angemfukuza kwa kumkatiza usingizi, ujumbe ungemkuta nani? Eli hakumkaripia, alimwita mwanangu (3:6). Asubuhi akamtaka asimfiche neno, akaipokea hukumu yake mwenyewe kutoka kinywani mwa mtoto aliyemlea (3:16–18). Ni wazee wachache wanaoweza hilo.

Neno "mwanangu" lilikuwa na miaka nyuma yake: chakula, mahali pa kulala, kazi ya kufundishwa. Hapo ndipo makanisa ya mjini hukosea mara nyingi. Mzee humwona kijana mlangoni, hajui anaishi wapi wala kama amekula, na neno la kwanza analompa ni juu ya suruali yake au nywele zake. Huenda analosema ni kweli. Lakini baba huonya kwa sababu ndiye pia atakayeamshwa usiku mtoto akiugua. Aliyejitoa katika usumbufu huo anaazima sauti isiyo yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makaribisho ya kanisa huishia siku ya pili: mgeni anasimamishwa, anaimbiwa, anapakuliwa chakula cha mchana. Kwa kijana wa Kariakoo jembe ni jembe hasa. Katika kanisa lile lile huwa yupo mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, au mama mwenye genge karibu na Soko la Buguruni, ambao Jumamosi wanafunga vilevile. Kwa nini hawamwajiri? Wengi wataeleza kwa sauti ya chini: mtu wa kanisani akikuibia, utamshtaki wapi? Hofu hiyo si ya bure, maana undugu si ushahidi wa uaminifu. Basi waandikiane, mshahara utajwe mbele ya shahidi, na ugomvi wa fedha ukitokea upelekwe kwa wazee, kama 1 Wakorintho 6:1–5 inavyoshauri. Kinachotia shaka ni kusema Amina, kisha kumwajiri mtu wa mbali kwa kuwa yeye aweza kufukuzwa bila aibu.

Masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato, aliyoyaandika James White mwaka 1852, yalikusudiwa vijana. Leo watoto wana darasa lao, vijana lao, watu wazima lao, na zipo sababu nzuri za kufundisha hivyo. Ila mtu anaweza kuhudhuria miaka mitano bila kujifunza fungu hata moja pamoja na mtu anayemzidi miaka 30. Na kadi ya darasa huandika wangapi wamekuja. Ni nani hakuja, na kwa nini, haiandiki.

Kijana naye anadaiwa. Macho ya Eli yalikuwa yamefifia (3:2). Ng'ambo ya reli yupo mama mjane asiyeweza tena kupanda daladala. Lesoni anayo, macho ya kuisomea hana. Kwenda kumsomea Ijumaa jioni na kufungua Sabato pamoja naye hakuhitaji nauli, na kijana asiye na kazi aweza kuanza wiki hii. Samweli, baada ya kuambiwa mambo mazito kuliko umri wake, alilala mpaka asubuhi, kisha akaenda kufungua milango ya nyumba ya Bwana kama siku zote (3:15).