Hiari ya Mtu Aliyebakiziwa Swali Moja

Katika futiboli ya Marekani karibu kila shambulizi huanza kwa mpira kupewa kwotabeki, yaani mchezaji ambaye kwa sekunde chache tu huamua kama ataurusha, atamkabidhi mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Zamani alitarajiwa kuisoma safu nzima ya ulinzi na kuwakagua wapokeaji mmoja baada ya mwingine, kazi inayowatoa jasho hata wanaolipwa, sembuse mwanafunzi wa chuo ambaye kanuni humruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki.

Mfumo wa kutawanya, ambao huwapanga wapokeaji katika upana wote wa uwanja ili walinzi nao watawanyike, uliupunguza mzigo huo. Katika mbinu iliyoendelezwa na kocha Rich Rodriguez huko Glenville State, chuo kidogo cha West Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mlinzi mmoja wa pembeni huachwa makusudi bila kuzuiwa, na kwotabeki humtazama huyo peke yake: mlinzi huyo akimkimbilia mkimbiaji aliye tayari kupokea mpira, kwotabeki hubaki nao na kupita pale palipoachwa wazi, akitulia mahali pake, mpira hukabidhiwa.

Kwotabeki basi amebakiziwa swali moja tu: mlinzi huyo atakwenda wapi? Je, anayejibu swali lililokwisha kuchongwa na mwingine anaamua, au anatii tu? Aristotle alishikilia kwamba mtu hutafakari njia za kulifikia lengo, wala si lengo lenyewe. Hapa hata njia zimekwisha kutafakariwa na kocha, na kijana amebakiziwa kuona. Hata hivyo mwanafalsafa huyohuyo aliuhesabu uwezo wa kuliona jambo mahususi jinsi lilivyo kuwa sehemu ya busara ya kutenda, kwa hiyo kilichobaki si kidogo kama wanavyodai wanaoudharau mfumo huu.

Ushahidi mzuri zaidi, pengine, umetolewa na walinzi wenyewe, ambao walijifunza kusema uongo kwa miili yao: yule wa pembeni hujifanya kumkimbilia mkimbiaji, huku mwenzake wa nyuma akizunguka kuiziba nafasi ambayo kwotabeki anaidhania wazi. Aliyekariri jibu hunaswa na utiifu wake, ilhali aliyeelewa kwa nini swali liliulizwa humtafuta huyo wa pili kabla hajapiga hatua. Makocha nao wakajibu kwa kumwongezea kwotabeki mlinzi mwingine wa kumsoma, na swali moja likawa mawili.