Kabla Hujawasha Moto Maweni

Mwanangu, nimesikia umepata kipande cha maweni huko Kusini, na unangoja kaskazi ikaushe vichaka uvichome, uwahi kulima kabla ya masika. Kulima ni haki yako. Lakini kaa kwanza nikueleze habari ya chui.

Chui wa Unguja alikuwa wa kisiwa hiki tu. Mimi nimemwona makumbusho, Mnazi Mmoja, kabaki ngozi iliyojazwa. Wazee wetu walimwogopa, wakiamini wachawi wanamfuga na kumtuma adhuru watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ukapita msako wa wachawi na chui pamoja, ukiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Misitu nayo ikakatwa, paa wakaliwa, chui akakosa pa kujificha na cha kula. Mwaka 2018 watu wa televisheni walitega kamera wakasema wamempata mmoja. Hadi leo hajathibitishwa.

Sasa tumebakiwa na paa nunga na kima punju. Huyo kima tumempa jina la sumu, kama tulivyompa chui jina la mchawi, naye hana kosa. Hesabu iliyotolewa 2017 ilikuta kama 5,800 tu, na nje ya Zanzibar hayupo. Utamwona Jozani akitafuna makaa ya visiki vilivyoungua. Usidhani moto ni rafiki yake: makaa ni dawa ya kupunguza sumu ya majani ya mikungu anayoyala, lakini chakula chenyewe kiko mitini.

Paa nunga ndiye ninayemlilia zaidi. Huokota majani, maua na matunda anayoyadondosha kima juu, na kinga yake ni kichaka kizito cha maweni. Ukikiunguza, anatoka mbio peupe, na huko wasasi wanamngoja na mbwa na nyavu. Tena udongo wa maweni ni kiganja tu juu ya jiwe. Utavuna misimu michache, kisha utahama uchome pengine.

Kwa hiyo ukichoma, kwanza zungumza na sheha na majirani. Fyeka njia pana kuzunguka shamba, washa jioni upepo ukilala, na usiondoke mpaka jivu lipoe. Warina asali wakipita na mienge yao, waambie vivyo hivyo. Na kile kichaka cha mpakani, upande wa msitu, nakuomba mwanangu, usikiguse.