Huruma Mlangoni, Haki Katika Kipimo

Aghalabu sheria hutungwa na watu wazima wa viungo, nao huwapima watu wote kwa viungo vyao. Awezaye kukimbia hudhani kwamba kukimbia ni jambo la kila mtu, na aonaye hudhani kuwa nuru ni mali ya wote. Ugonjwa, uzee au ajali ikimtoa mtu katika kundi hilo, sheria hubaki ilivyo. Yeye ndiye abadilikaye. Jana alikuwa mchezaji, leo ni mtazamaji. Jana alikuwa mwenye neno katikati ya wenzake, leo ni mwenye kiti pembeni. Hapo huzuka swali la kale: wenzake wana wajibu gani kwake? Wamwache alipo, wamwonee huruma, au waibadili sheria kwa ajili yake?

Swali zito kama hili hutafutiwa majibu katika mabunge na mahakama. Walakini mfano wake mmoja ulio wazi sana umo katika mchezo wa kurusha matufe, uchezwao nyuani, viwanjani na chini ya miti kusini mwa Ufaransa, na sasa katika nchi nyingi za dunia. Mchezo huo huitwa petanki.

Kanuni zake ni chache. Mchezaji huchora duara ardhini, upana wake kati ya sentimita 35 na 50, akasimama ndani yake. Kwanza hutupwa tufe dogo lenye upana wa milimita 30 hivi, ambalo ndilo shabaha. Nalo sharti litue mbali na duara kwa mita 6 mpaka 10. Kisha pande mbili hushindana kwa matufe ya chuma, ambayo uzito wa kila moja haupungui gramu 650 wala hauzidi gramu 800. Kila upande hujaribu kuyafikisha matufe yake karibu na shabaha kuliko ya wapinzani, au kuyagonga ya wapinzani yatoke mahali pake. Upande ulio mbali na shabaha ndio wenye zamu ya kutupa, mpaka uupite upande wa pili au uishiwe na matufe. Yakiisha yote, upande ulioshinda duru hiyo hupata pointi moja kwa kila tufe lililoikaribia shabaha kuliko tufe bora la wapinzani. Atanguliaye kufika pointi 13 ndiye mshindi.

Katika kanuni hizo, moja ndiyo iliyoupa mchezo jina na roho. Miguu ya mtupaji sharti ikae ndani ya duara, imekitwa chini, wala isinyanyuke mpaka tufe alilotupa limegusa ardhi. Neno petanki limetokana na maneno mawili ya lugha ya Provence yenye maana ya miguu iliyokitwa.

Kanuni hii ilizaliwa na maumivu ya mtu mmoja. Katika La Ciotat, mji wa bandari na wa waunda meli ulio karibu na Marseille, watu walikuwa wakicheza mchezo wa matufe ulio mkubwa zaidi, ujulikanao kama mchezo mrefu wa Provence. Humo shabaha huwekwa mbali, mita 15 mpaka 20. Anayetaka kulisogeza tufe lake karibu na shabaha hutoka duarani hatua moja kabla ya kutupa, na anayetaka kuligonga tufe la mpinzani hukimbia hatua tatu, akalirusha huku anakwenda. Ni mchezo wa mkono, lakini ni mchezo wa magoti pia. Mmoja wa mafundi wake alikuwa Jules Hugues, aliyepewa jina la utani la Lenoir. Baridi yabisi ilimshika viungo, hata zile hatua tatu zikawa haziwezekani tena. Simulizi za mji huo hutofautiana katika mambo madogo, lakini hukubaliana katika kubwa: kati ya mwaka 1907 na 1910, Ernest Pitiot, mwenye mkahawa, alikubali kucheza na Hugues kwa namna mpya. Duara likachorwa, shabaha ikaletwa karibu, na wote wawili wakatupa wamesimama. Mwaka 1910 mashindano ya kwanza ya kanuni hiyo yakafanyika mjini humo.

Tendo hilo lataka kutazamwa vizuri, maana Pitiot alikuwa na njia tatu mbele yake. Njia ya kwanza ilikuwa kuiacha sheria ilivyo. Hakuna ambaye angemlaumu. Hugues hakufukuzwa uwanjani na mtu. Alifukuzwa na magoti yake. Watu wengi wema huishi katika njia hii, nao hulala usingizi mtamu, kwa kuwa hawakumtendea mtu ubaya. Walakini kutotenda ubaya si sawa na kutenda wema. Mlango usiofungwa na mtu, lakini ambao kizingiti chake hakivukiki kwa mgonjwa, kwake mgonjwa umefungwa.

Njia ya pili ilikuwa msamaha. Wenzake wangeweza kuendelea kukimbia, wakamruhusu Hugues peke yake asimame, au asogee mbele kidogo. Huu ni wema, na pengine ni wema mkubwa. Lakini una sumu ndogo ndani yake. Hugues angeshinda, watu wangesema ameshinda kwa sababu amesaidiwa. Angeshindwa, wangesema hata kusaidiwa hakukumfaa. Kila tufe lake lingepaa na deni. Mtu aliyekuwa fundi hatosheki na nafasi ya kutupa tufe. Hutaka tufe lake lihesabiwe kama la mtu mwingine. Sadaka humpa mtu kitu, lakini aghalabu humnyima usawa na yule aliyempa.

Njia ya tatu ndiyo iliyoshikwa. Pitiot, mwenye miguu mizima, aliikita miguu yake kama Hugues. Hakumpandisha mwenzake kwa kumbeba. Alishuka yeye, wakasimama pamoja juu ya udongo ule ule. Tangu hapo hapakuwa na mgonjwa na mzima ndani ya duara, palikuwa na watupaji wawili.

Wako watakaoipinga njia hii, na hoja yao si dhaifu. Watasema: je, ni haki mwenye nguvu kupokonywa matunda ya nguvu zake kwa ajili ya asiye nazo? Mbio ni kipawa kama jicho lilivyo kipawa. Ikiwa kila mchezo utashushwa mpaka kimo cha mnyonge wa mwisho, ufundi utakufa, na dunia itakuwa ya watu walioketi. Tena, mmoja akikosa na kumi wakipata, kwa nini kumi wakubali hasara kwa ajili ya mmoja?

Hoja hiyo yastahili majibu matatu. La kwanza ni kwamba mchezo mrefu haukuuawa. Watakao kukimbia hatua tatu wanakimbia hata leo, na shirikisho la Ufaransa lililoundwa mwaka 1945 limebeba katika jina lake michezo yote miwili. Pitiot alijenga mlango wa pili bila kuubomoa wa kwanza. Aliye na nguvu hakunyang'anywa kitu, ila alinyimwa ile raha ya kuwa peke yake.

La pili ni kwamba ugumu haukuondolewa, ulihamishwa. Ulitoka gotini ukaenda kwenye kiganja, jichoni na akilini. Asimamaye tuli hana mbio za kumsaidia. Kosa dogo la vidole huonekana lote. Ndiyo sababu mchezo uliobuniwa kwa ajili ya mgonjwa umezaa mafundi ambao mtu mzima wa viungo huweza kutumia maisha yake yote asiwafikie. Ulivuka bahari pia, ukafika Madagaska, kisiwa jirani na pwani ya Afrika Mashariki, na wanaume wa kisiwa hicho wakawa mabingwa wa dunia mwaka 1999 na tena mwaka 2016. Kitu kilichoshushwa hadhi hakipiganiwi namna hiyo.

La tatu lagusa shabaha ya sheria yenyewe. Mwaka 1369 Mfalme Charles wa Tano wa Ufaransa alipiga marufuku michezo mingi ya burudani, akaamuru raia wake wajizoeze upinde. Mfalme alikuwa na vita, na kwa macho ya vita kiungo cha mtu ni silaha. Kisichofaa kwa vita ni hasara. Mwenye mkahawa wa La Ciotat aliutazama mchezo kwa macho mengine. Ikiwa watu hukutana uwanjani ili wawe pamoja, basi kanuni imtengayo mwenzao imeupinga mchezo wenyewe. Kila sheria yapasa kuulizwa imewekwa kwa ajili gani. Zile hatua tatu zilikuwa njia tu; ushirika ndio uliokuwa mwisho wa safari. Atakayeilinda njia mpaka asahau aendako hana tofauti na mlinzi anayemzuia mwenye nyumba kuingia kwake.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo Pitiot hakulibadili, na katika hilo ndimo hekima ya tendo lake ilimojificha. Kipimo hakikuguswa. Tufe la Hugues likilala mbali na shabaha, lilikuwa mbali. Tufe la Pitiot likilala karibu, lilikuwa karibu. Utepe wa kupimia haukuulizwa magoti ya nani yanauma. Hakupewa pointi za huruma, wala hakuhesabiwa kumi na tatu alipofika kumi. Huruma ilifanya kazi yake mlangoni, ikamwingiza mtu. Alipokwisha kuingia, huruma ikasimama nje, na haki ikashika kipimo. Mambo haya mawili yakibadilishana mahali, yote mawili huharibika. Haki ikikaa mlangoni peke yake humwacha mgonjwa nje kwa kisingizio cha usawa. Huruma ikishika kipimo humdanganya aliyeingia, humdhulumu mpinzani wake, na hatimaye huifanya pointi isiwe na thamani kwa mtu yeyote.

Nyumba za elimu zaweza kujipima kwa mfano huu. Mwanafunzi asiyeona akinyimwa karatasi ya mtihani katika maandishi ya nukta nundu, akaambiwa kwamba karatasi ni moja kwa wote, amefungiwa mlango kwa jina la usawa. Akipewa karatasi hiyo na muda wa kutosha kuisoma kwa vidole vyake, amefunguliwa. Lakini akipewa alama ambazo jawabu lake halikuzistahili, ametukanwa kwa lugha ya upole, kwa maana msahihishaji amekata shauri moyoni kwamba mtu huyu hawezi kushinda kweli. Mwalimu mwenye huruma na mwalimu mwenye haki wapasa kuwa mtu mmoja, ila kila sifa ijue saa yake.

Ingekuwa vyema kama habari ingekwisha hapo, lakini haikwishi. Kanuni ya miguu miwili iliyokitwa, ambayo ilimwingiza Hugues, iliwaacha wengine nje. Mtu mwenye mguu mmoja atakita upi mwingine? Na yule aliye katika kiti cha magurudumu atasimamaje? Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoundwa Marseille mwaka 1958, sasa limeandika katika kanuni zake kwamba mwenye ulemavu wa miguu aweza kuweka mguu mmoja tu ndani ya duara, na kwamba atupaye kutoka kwenye kiti cha magurudumu aweke duarani angalau gurudumu moja, lile la upande wa mkono anaotupia.

Hapo njia ya pili, ile ya msamaha, imerudi. Lakini imerudi imevaa nguo nyingine. Msamaha utolewao na mwenye kiwanja kwa moyo wake waweza kuondolewa kesho moyo ukibadilika, na apewaye hubaki na deni la shukrani. Msamaha ulioandikwa katika sheria kabla ya mtu kufika hauna mfadhili wala mdeni. Huyo mwenye kiti hamwombi mtu kitu. Hufika, akaweka gurudumu lake, akatupa. Basi mpangilio wa wajibu ni huu: kwanza itafutwe kanuni ambayo wote waweza kusimama chini yake sawasawa, pale ambapo mwili wa mtu haukubali hata kanuni hiyo, upambanuzi uandikwe uwe haki, usibaki kuwa hisani.

Methali ya Waswahili yasema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu huitaja methali hii wanapotaka kumsifu kwa lililo lake mtu wasiyempenda, nayo ni methali njema, kwani hulinda kipimo. Lakini yaacha kitanzi mahali pake. Mfano wa La Ciotat waongeza swali ambalo methali haikuuliza: kitanzi hicho kilifungwa na nani, na kuna lazima gani kiendelee kuning'inia?

Hakuna duara lililokwisha kuchorwa kwa mara ya mwisho. Watunga sheria wa kila zama huchora kwa kimo cha waliokuwapo siku hiyo, na kesho yake hufika mtu ambaye hakuwamo katika hesabu. Kumwona ni nusu ya uadilifu. Nusu ya pili ni kuwa tayari kulifuta duara kwa mguu na kulichora upya, huku utepe ukiachwa na urefu wake ule ule.