Haki ya Njia

Mahali zinapokutana njia mbili sisi hupaita makutano, na zinapogawanyika hupaita njia panda, na tangu zama za wazee wetu mahali hapo palikuwa na hadhi na hofu kwa pamoja: hapo msafiri alisita akatafakari ashike upande gani, hapo mganga wa pwani alimwagiza mgonjwa akaweke kafara usiku ili balaa lake lichukuliwe na mpita njia, na hapo wageni wawili wasiojuana hawakuwa na budi kutazamana na kuamkiana kabla ya kila mmoja kwenda zake. Wahandisi wa karne ya ishirini walipozua zile barabara za saruji zipandanazo, moja juu ya nyingine, ili magari ya upande huu yasisimame hata kidogo kwa ajili ya magari ya upande ule, nazo tukaziita makutano vilevile. Ni jina la ajabu, maana zimejengwa kwa makusudi ili asikutane mtu na mtu.

Swali ninalotaka kuliuliza ni la dini kabla ya kuwa la uhandisi, nalo ni hili: mpita njia anadaiwa nini na mahali anapopita? Wanavyuoni wa Kiislamu wanasimulia kuwa Mtume alipowaonya masahaba wasiketi njiani, nao wakajibu kwamba hawana pengine pa kuzungumzia, aliwataka basi waipe njia haki yake, na katika haki hizo akahesabu kuinamisha macho, kujizuia na maudhi, na kurudisha salamu. Wakristo, ambao katika Katanga hii ya Kongo baadhi yao walifundishwa na Wasalesiani waliofika mwaka 1911, wanayo habari ya yule majeruhi wa njia ya Yeriko, ambaye kuhani na Mlawi walimwona wakapita kando, na Msamaria akamwona akasimama. Nikiitafakari habari hiyo naona kwamba rehema ya Msamaria ilianzia machoni na miguuni, kwa kuwa alipita karibu kiasi cha kuona na polepole kiasi cha kusita. Kuhani na Mlawi walifanya dhambi, lakini walau walipewa nafasi ya kutoifanya. Sisi tumejenga daraja ambalo juu yake hakuna mwenye dhambi, kwa sababu hakuna aonaye kitu, na huyo majeruhi, kama yupo, yuko chini kivulini pamoja na takataka.

Haya nayasema nikiwa Sakania, mpakani mwa Kongo na Zambia, mji uliozaliwa na kusimama. Reli itokayo Rasi, kusini kabisa mwa bara hili, ilifika mpakani petu Desemba 1909 na mwaka uliofuata ikafika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi; na lau treni zingepita hapa bila kituo wala forodha, sidhani kama pangekuwa na jina la kuandikwa kwenye ramani. Ila sisi watu wa mpakani tunajua pia kwamba kusimama si neema tupu, na dereva wa lori la shaba aliyelala barabarani katika foleni ya mpaka wa Kasumbalesa angenicheka, kwa haki, kama ningemhubiria fadhila za kutulia. Kusimamishwa na kusimama ni mambo mawili mbalimbali. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu watu wa Dar es Salaam walioshukuru mwaka 2021 yalipozinduliwa makutano ya tabaka tatu pale Ubungo, baada ya miaka mingi ya kuota jua kwenye foleni.

Wala utengano hauhitaji saruji. Élisabethville ilipimwa mwaka 1910 kwa mitaa iliyonyooka na kukatana, ambayo ni mpango mwema kwa ujirani, lakini mwaka 1921 Waafrika wakawekewa mtaa wao, ule tuuitao leo Kamalondo, na kati yao na Wazungu ukaachwa ukanda mtupu ulioitwa eneo la kati lisilo na upande. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Utupu ule ulikuwa ukuta.

Na ukuta wa saruji nao waweza kubomolewa: huko San Francisco, Marekani, barabara ya juu ya Embarcadero ilifunguliwa mwaka 1959 na kuukata mji usiione bahari yake, na wenyeji walipoulizwa kwa kura mwaka 1986 kama iondolewe, walikataa, kwani mwanadamu huzoea hata kivuli cha jela. Tetemeko la Oktoba 1989 ndilo lililoitikisa, hata ikafungwa. Lakini hapa mizani yangu inalemewa upande wa pili, kwa maana wenye maduka wa mtaa wa Wachina waliipigania, nao hawakuwa wapumbavu: barabara ile ndiyo iliyowaletea wanunuzi, na kuwaambia kuwa mji utapendeza ni kuwalipa kwa sarafu isiyopokelewa sokoni. Anayebomoa kwa ajili ya ujirani na asimsahau jirani aliyekuwa akiishi kwa kile kinachobomolewa. Hilo nalo ni katika haki ya njia, na sioni kuwa ni dogo kuliko salamu. Meya Art Agnos, aliyeshikilia ibomolewe, aliona nyundo zikianza mwaka 1991, na mwaka huohuo akashindwa uchaguzi. Mahali pa barabara ile pakafanywa njia ya kawaida, yenye mitende na tramu, ambapo mwenye gari na mwenye miguu husubiri taa ileile, na atakaye kufika kwenye jengo la vivuko hana budi kusimama kidogo ukingoni, bega kwa bega na asiyemjua.