Usiseme Hukujua

Kitabu cha Mithali kinakataza kusogeza mpaka wa kale na kuingilia mashamba ya yatima, na sababu kinayoitoa inatisha: yatima hao wana Mtetezi, Mtetezi huyo ana nguvu, na kesi yao ataisimamia mwenyewe. Katazo hilo linafaa kusomwa polepole kule Molo, Njoro na Kuresoi. Huko watu walichomewa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakafukuzwa tena baada ya uchaguzi wa 2007, wakalala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Wapo ambao hawajarudi kwenye mashamba yao mpaka leo.

Na waliowachomea? Wengi wao wanalala usingizi mzuri. Tuliseme hilo bila woga, kwa sababu wenye hekima wa Kiebrania walilisema kabla yetu. Asafu, katika Zaburi ya 73, nusura imani yake iteleze kwa kuwatazama waovu walivyonawiri. Ayubu aliuliza kwa nini wanaishi, wanazeeka, na watoto wao wanacheza kwa furaha. Mhubiri aliona kwamba hukumu ikikawia, watu hupata ujasiri wa kutenda maovu. Kwa hiyo usimnyamazishe mjane anayeuliza Mungu yuko wapi. Mwishoni mwa kitabu cha Ayubu, ghadhabu ya Mungu iliwashukia marafiki waliomtetea Mungu kwa majibu mepesi. Ayubu mlalamikaji ndiye aliyeambiwa amesema sawa.

Lakini malalamiko pekee hayatoshi, ndugu yangu. Ayubu huyohuyo, alipokuwa na heshima yake mjini, alichunguza kesi za watu asiowajua na kumpokonya mwovu mawindo mdomoni. Nayo Mithali, sura ya 24, inaagiza tuwaokoe wanaoburutwa kwenda kuuawa, kisha inatuzibia mlango wa kutorokea: ukijitetea kwamba hukujua, anayeipima mioyo anajua ulichojua.

Hapa kwetu wamekuwepo watu walioishi hivyo. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, aliyakemea mapigano hayo ya miaka ya 1990 hadharani wakati ambapo kuikosoa serikali kulikuwa hatari. Padri John Anthony Kaiser, Mmarekani aliyefika Kenya mwaka 1964, alikuwa pamoja na waliofukuzwa pale kambi yao ya Maela ilipovunjwa Desemba 1994. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo, akawataja wakubwa kwa majina. Tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulipatikana kando ya barabara ya Nakuru kwenda Naivasha, risasi imempita kichwani. Wapelelezi wa FBI walisema alijiua. Mwaka 2007 mahakama iliyochunguza kifo hicho iliamua kwamba aliuawa. Hakuna aliyehukumiwa.

Je, mwenye haki alishindwa? Nasema hapana, wala sisemi hivyo ili nijifariji. Kaiser hakungoja kuhakikishiwa ushindi ndipo aseme. Aliamini yupo Hakimu asiyehongwa, na imani hiyo ilimtosha kusimama mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumwangamiza. Hiyo ndiyo kazi ya kuamini haki ya Mungu: inamwondolea mnyonge hofu, inampa sauti. Anayeitumia kama mto wa kulalia, akisema Mungu ataona, amewaachia waovu uwanja.

Basi simama. Wewe unajua bikoni ipi iling'olewa usiku na nani anailima ile ekari. Nenda ofisi ya ardhi ukaseme, andika maelezo yako, yatie sahihi. Kama shamba unalolilima ulilipata kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu aliyekuwa akikimbia mishale, mtafute, mkae chini na wazee, mmalizane kwa haki. Mchungaji, achana na mahubiri ya kumsifu mgeni aliyekuja na bahasha nene ya harambee. Muulize mbele ya waumini amefanya nini kwa waliofukuzwa. Na uchaguzi unapokaribia, vile vikaratasi vya vitisho vikianza kutupwa milangoni usiku, usivipite kimya. Vipeleke polisi kunapokucha, upige simu redioni ueleze ulichokiona, kisha jioni beba blanketi lako ukalale kwa jirani aliyeandikiwa ahame.